Regatta, Nautica, Journey au Quest: ni meli ipi inayowafaa wazazi wangu kwa mapambo na starehe za ndani?

Kifunguamimba wa South C

Hamjambo, ndugu zangu. Mwakani wazazi wetu watatimiza miaka 45 ya ndoa, nasi watoto wanne tumekubaliana kuwachangia safari ya siku kumi katika Bahari ya Mediterania, kwa meli ndogo, kwa sababu baba hawezi kuvumilia mahali penye makelele na msongamano. Kufikia leo safari yao ndefu kabisa ya majini ni ile ya kivuko cha Likoni.

Wakala mmoja wa hapa mjini alinipa vipeperushi vya kampuni mbili, Oceania (yenye Regatta na Nautica) na Azamara (yenye Journey na Quest). Nilipovifungua mezani niliona ngazi ileile, yenye vishikizo vilevile vya chuma kilichosokotwa, katika picha za kampuni zote mbili. Nilidhani mchapishaji amekosea. Nilipomuuliza wakala, alinijibu kwamba meli hizo "zinafanana tu", kisha akarudi kwenye habari za bei.

Baba ni mwalimu mstaafu, na furaha yake ni kiti kizuri, kitabu na chai. Mama alikuwa mshonaji, kwa hiyo ataanza kutazama mapazia na mazulia kabla hajaitazama bahari, tena ana goti la kulia linalomsumbua akipanda ngazi. Naomba mwenye kuzijua meli hizi kwa ndani anieleze: zinatofautiana katika nini hasa, na tofauti hizo zina uzito gani kwa watu wa namna hii?

Msafiri wa Kileleshwa

Mchapishaji hakukosea, ndugu yangu. Meli hizo ni za tumbo moja. Kampuni iliyoitwa Renaissance Cruises iliagiza meli nane zinazolingana kutoka kiwanda cha Chantiers de l'Atlantique kule Saint-Nazaire, Ufaransa, nazo zikatoka moja baada ya nyingine kati ya mwaka 1998 na 2001, zikipewa majina ya R One hadi R Eight. Septemba 2001 kampuni ikafilisika na meli zikatawanyika kwa wamiliki mbalimbali. Baada ya miaka mingi ya kuuzwa na kubadilishwa majina, Oceania ilikuwa imechukua nne, yaani Insignia, Regatta, Nautica na Sirena, na Azamara ikachukua nne nyingine, yaani Journey, Quest, Pursuit na Onward. Kila moja ina urefu wa mita 181 hivi na hubeba abiria wasiofika 700 kwa hesabu ya kawaida ya watu wawili kwa chumba.

Nimebahatika kusafiri na meli moja ya kila kampuni. Siku ya kwanza katika ile ya pili nilitembea kama mtu aliyerudi katika nyumba aliyowahi kupanga, akakuta mpangaji mpya amebadilisha viti. Miguu yangu ilijua njia. Ukumbi mkubwa wa chakula uko sitaha ya 5, yaani ghorofa ya tano ya meli, upande wa tezi (nyuma), bwawa la kuogelea liko sitaha ya 9, na sitaha ya 10 upande wa omo (mbele) kuna sebule pana yenye vioo pande tatu. Oceania huiita Horizons, na Azamara huiita Living Room. Maktaba nayo iko sitaha hiyohiyo ya 10 katika meli zote, ingawa kwa Azamara chumba hicho kinaitwa Drawing Room.

Kwa baba yako, hapo ndipo ningeanzia kulinganisha. Horizons ina chai ya saa kumi alasiri inayoletwa kwa kigari, ikiwa na keki ndogo na mikate iliyokatwa pembe tatu, huku wapiga fidla wakitumbuiza taratibu, na watu huketi wima kidogo kana kwamba wamealikwa na askofu. Living Room imepangwa kama sebule ya nyumbani, yenye makochi ya chini na meza za michezo, na mtu anaweza kushinda humo na kitabu chake tangu asubuhi bila kuona kwamba kuna shughuli rasmi anayoikosa. Mimi niliipenda zaidi hiyo ya pili kwa kukaa na ile ya kwanza kwa chai. Jambo jingine dogo ni kwamba meli za Oceania zina kasino ndogo sitaha ya 5, ilhali Azamara waliziondoa za kwao. Kasino yenyewe haina kelele nyingi, lakini kwa mzee asiyependa michezo ya kamari huenda hilo likawa na maana.

Fundi Samani wa Ngong Road

Mimi sijawahi kupanda meli hizi, lakini kazi yangu ni samani, na picha zake nimezichunguza kwa miaka mingi kwa sababu wateja huniletea wakitaka "kitu kama hiki". Naomba niseme neno kuhusu mapambo, kwa ajili ya mama mshonaji.

Zilipozaliwa, meli hizi zilipambwa kwa mtindo wa majumba ya mashambani ya Uingereza ya zamani: mbao za rangi ya mahogani iliyokolea, nguzo, mazulia yenye maua, meko yasiyo ya moto wa kweli, na maktaba yenye dari lililochorwa ili jicho lidhanie kuwa kuna kuba juu yake. Ngazi kuu huwakumbusha wengi ile ya Titanic. (Ni jambo la kuchekesha kwamba Pursuit, ambayo zamani iliitwa Adonia, ilikarabatiwa mwaka 2018 katika kiwanda cha Harland & Wolff kule Belfast, palepale ilipoundwa Titanic yenyewe.) Mtu asidanganyike kwamba hizo ni mbao nzito. Sheria za kimataifa za usalama wa meli haziruhusu kuta za mbao tupu kwa kuhofia moto, kwa hiyo kinachoonekana ni ngozi nyembamba ya mbao iliyobandikwa juu ya ubao usioshika moto. Ni kazi safi, na ndiyo sababu kila mmiliki mpya ameweza kubadilisha sura ya meli bila kuivunja.

Kampuni hizi mbili ziliachana katika kubadilisha huko. Azamara ilianza kuondoa giza mapema, na katika ukarabati wa Journey na Quest wa mwaka 2016 walileta rangi za mchanga, kijivu na maziwa, pamoja na viti vya mistari iliyonyooka. Oceania iliushikilia ule utu uzima kwa muda mrefu zaidi, na ilipoamua kuzipa meli zake nne sura mpya kuanzia mwishoni mwa 2018, ilizipa rangi nyepesi za buluu na krimu pamoja na taa kubwa za kuning'inia, lakini ikabakiza ngazi, meko na maktaba yenye mbao nyeusi. Kwa macho yangu, Azamara ni hoteli mpya ya Westlands, na Oceania ni klabu ya zamani ya Karen iliyobadilishiwa vitambaa. Mama mshonaji atapata mengi zaidi ya kutazama katika Oceania, kwa kuwa vitambaa vina tabaka, kingo zimekunjwa vizuri, na mapazia yana uzito. Nasema hivyo nikijua kwamba Msafiri wa Kileleshwa atanipinga.

Msafiri wa Kileleshwa

Sikupingi katika vitambaa, fundi. Ninakupinga katika mwanga. Mbao nyeusi hupendeza katika picha, lakini mzee wa miaka sabini na kitu anayesoma usiku katika maktaba ya giza atalazimika kuisogelea taa. Katika safari zangu mbili nilisoma kwa urahisi zaidi katika ile sebule ya rangi nyepesi.

Baharia Mstaafu, Eastleigh

Mnabishania mapazia, na goti la mama limesahaulika. Nimefanya kazi katika meli za abiria, ingawa si hizi nane, na nataka kusema kwamba mazulia hubadilishwa lakini kuta za bafu hazisogei. Meli hizi ziliundwa wakati ambapo bafu la chumba cha kawaida lilikuwa dogo sana, na hata baada ya kupakwa marumaru na vioo, nafasi ya kuogea ni finyu katika kampuni zote mbili. Chumba cha kawaida chenye roshani kina mita za mraba 20 hivi ukijumlisha na hiyo roshani, yaani ni bedsita ya Roysambu yenye bahari dirishani. Mtu mwenye goti baya, akiwa amesimama kwenye bafu la namna hiyo huku meli inayumba, anahitaji kishikizo imara ukutani, na swali la kumuuliza wakala ni hilo, kabla ya swali la rangi.

Kama mchango wenu unaruhusu, vyumba vya kiwango cha juu kidogo, ambavyo Oceania inaviita Penthouse na Azamara inaviita Continent Suite, vina karibu mita za mraba 30 pamoja na roshani, na bafu lake ni la kibinadamu. Angalieni tu kwamba katika Continent Suite baadhi vina beseni la kulala na vingine vina bomba la mvua. Beseni lina ukingo wa kuruka, nalo halimfai mama. Chumba kiwe katikati ya meli, kwa kuwa meli ndogo huyumba zaidi kuliko kubwa na sehemu ya kati ndiyo hutulia. Wahenga walisema enda tezi na omo, marejeo ni ngamani, yaani tumboni mwa chombo, nasi mabaharia tumeichukulia methali hiyo kama ushauri wa mahali pa kulala. Lifti zipo, kwa hiyo umbali kati ya ukumbi wa chakula na sebule ya juu usiwatie hofu.

Kifunguamimba wa South C

Shikamoo, mzee, na asanteni nyote. Nilimwonyesha mama picha bila kumwambia majina. Aliyachagua mazulia ya Nautica, kisha akauliza kwa nini kitanda kimebanwa karibu hivyo na kochi, jambo linalonionyesha kwamba mzee wa Eastleigh amesema kweli. Baba alitaka kujua jambo moja tu, kama chai inalipiwa. Wazazi wangu hawanywi pombe. Je, hilo linabadilisha lolote?

Msafiri wa Kileleshwa

Linabadilisha sana, na ningelisema mapema kama ungelitaja. Nauli ya Azamara inajumuisha bia, divai na vinywaji vikali vya kawaida, kwa hiyo wazazi wako watakuwa wamelipia baa ambayo hawataitumia. Kwa upande mwingine, mikahawa yao miwili maalumu ya sitaha ya 10, Prime C na Aqualina, hutoza malipo ya ziada kwa wasiokaa katika vyumba vya kiwango cha juu (suite). Kwa Oceania ni kinyume: Polo Grill na Toscana, zilizo mahali palepale katika Regatta, Insignia na Nautica, hazina malipo ya ziada, na soda, maji, kahawa na hiyo chai ya baba vimo ndani ya nauli. Katika Sirena utakuta Red Ginger na Tuscan Steak badala yake. Kwa watu wasiokunywa na wanaopenda kula vizuri, mimi mwenyewe, niliyekuwa nikiitetea sebule ya Azamara, ningewapeleka Nautica katika chumba cha Penthouse, kisha ningemnunulia baba taa ndogo ya kusomea ya kubana kwenye kitabu.

Baharia Mstaafu, Eastleigh

Marahaba, mwanangu. Na mama akiuliza pasi, maana washonaji huuliza, kuna chumba cha abiria kujifulia na kupiga pasi sitaha ya 7. Mwambie aende asubuhi wakati wengine wameshuka bandarini, la sivyo atapanga foleni.