Aliir Aliir au Mac Andrew: kijana beki amuige nani?

Kocha_Salisbury
Wakuu habari za wikiendi. Nafundisha vijana wa chini ya miaka 16 footy, ule mpira wa Australia wa kushika kwa mikono na kupiga kwa mguu (ligi yake kuu ndiyo AFL), hapa Adelaide, nina beki mmoja mrefu, anaruka balaa, wazazi wake walipita kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, kabla ya kuja huku, na kila mazoezi yakiisha ananifuata, kocha nimwangalie nani nijifunze. Nina majina mawili, Aliir Aliir wa Port Adelaide na Mac Andrew wa Gold Coast Suns. Naomba tuwapime kweli kweli, ubora na udhaifu, sio ushabiki wa kwamba ni ndugu zetu basi.

Naanza na Aliir maana ndiye ninayemfuatilia zaidi. Kazaliwa Kakuma 1994, akaja Australia akiwa mtoto, akaishi Brisbane halafu Perth, akachezea East Fremantle, Sydney wakamchukua kwenye drafti ya 2013 (klabu zinachagua vijana wapya kwa zamu) chaguo la 44. Ubora wake mkubwa ni macho. Mpira ukiwa bado uko mikononi mwa mpinzani yeye ameshaanza kusogea kule utakakoangukia, anamwacha mtu wake, anaruka, anadaka mbele ya fowadi aliyekuwa anausubiri. Mwaka 2021, msimu wake wa kwanza Port, alifanya hivyo wiki baada ya wiki mpaka akaingia All-Australian, yaani kikosi bora cha ligi nzima. Na udhaifu wake uko hapohapo, kwa sababu beki anayemwacha mtu wake kuna siku hesabu itakataa, mpira utapita juu ya vidole na yule aliyeachwa yuko peke yake mbele ya goli. Karibuni.

Bakari_Mtwara
Mkuu sisi wengine tunaangalia vipande tu kwenye simu, hebu fafanua kidogo, beki kudaka mpira kwani ni jambo kubwa kiasi gani? Si angeupiga ngumi tu ukatoka?

Mama_Zawadi_Perth
Bakari mdogo wangu ngoja nikueleze. Mpira huu ukipigwa kwa mguu ukaenda mita 15 au zaidi, ukaudaka kabla haujaguswa na mtu mwingine wala haujagusa chini, unapewa nafasi yako, hakuna anayeruhusiwa kukugusa mpaka ucheze. Sasa beki akipiga ngumi amezuia goli, sawa, lakini mpira unaanguka palepale, wanagombania, na wale wafupi wa mpinzani wanaozunguka chini wanaweza kuuokota wakafunga. Akidaka, shambulio lote limekufa na timu yake ndiyo inaanza kushambulia, wapinzani wamepanda wote, nyuma yao kweupe.

Kama unataka mfano tafuta fainali kuu ya 2018, West Coast na Collingwood. Dakika za mwisho West Coast wako nyuma, Jeremy McGovern akadaka huko nyuma, ukapigwa kwa Vardy akadaka, kwa Liam Ryan akadaka, kwa Dom Sheed akadaka, pembeni kabisa karibu na mstari, akafunga. Wakashinda kwa pointi 5. Goli lile lilianza kwa beki. Mimi hata leo nikikaa na watoto wangu tunalirudia.

Otis_wa_Dandy
Aki nyinyi watu wa Adelaide mnapenda vyenu tu 😄 mimi niko Dandenong, Melbourne, na huyu Mac Andrew ni kijana wa hapa, alichezea timu ya vijana ya Dandenong Stingrays, alikuwa hata kwenye akademi ya Melbourne lakini mwaka huo sheria ilibadilishwa, klabu haikuruhusiwa kumlinda kijana wake wa akademi akiitwa kabla ya chaguo la 20, so Gold Coast wakamchukua namba 5 drafti ya 2021 na Melbourne wakabaki wanaangalia tu.

Sasa tuongee ubora. Urefu wake ni kama mita mbili hivi na mikono mirefu, lakini anakimbia kama mtu wa kiungo. Aliir lazima aanze mapema ndio afike, Andrew hata akichelewa anafika. Hiyo hauwezi kufundishwa. Alafu hana woga. Agosti 2024 dhidi ya Essendon walimpeleka mbele, king'ora cha kumaliza mechi kikalia akiwa na mpira, akapiga ikaingia, mechi imeisha hapo. Beki! Klabu nayo inajua iko na nini, walimpatia mkataba wa kumfikisha 2030.

Kocha_Salisbury
Otis nakubali kuhusu kasi, ila umesema ubora mtupu, udhaifu je? Mimi naona mwili bado mwembamba. Fowadi mzito kama Jesse Hogan wa klabu ya GWS, aliyekuwa mfungaji bora wa ligi 2024, ukimwekea Andrew mgongoni halafu mpira ukaja taratibu juu juu, yule mtu anamsukuma kwa makalio anamtoa kwenye njia kabla hata hajaruka. Kuruka kwako hakuna maana kama umeshaondolewa pale mpira unaposhukia. Aliir hapo ana faida, ana sentimita 195 tu lakini ana kifua, ukimgonga hasogei.

Otis_wa_Dandy
Hiyo ni kweli lakini pia ujue Suns hawamwachi apigane na hao wazito kila siku, hiyo kazi ni ya Sam Collins. Collins anashika mzito, Andrew anapewa yule wa pili mwenye mbio, na anapata uhuru wa kuja kusaidia. Na mwili utakuja buda, bado yuko mwanzoni mwa miaka ya ishirini.

Mama_Zawadi_Perth
Hapo Otis umegusa jambo ambalo kocha aliangalie sana. Hawa mabeki wa kudaka huwezi kumpima mmoja peke yake, lazima uulize nani yuko pembeni yake. Melbourne walipochukua ubingwa 2021, wa kwanza tangu 1964, fainali ilichezwa hapa kwetu Perth, pale nyuma Steven May alikuwa anambeba fowadi mkubwa na Jake Lever anazurura anadaka. Lever bila May sio Lever yule. Na Aliir ni vilevile. Misimu ile Port walipopungukiwa mtu wa kubeba wazito, Aliir akalazimika kumkaba mkubwa yeye mwenyewe, akawa beki wa kawaida, watu wakaanza kusema ameshuka. Hakushuka, alipewa kazi nyingine. Ndio maana klabu ikawaleta Esava Ratugolea na Brandon Zerk-Thatcher kwa msimu wa 2024.

Hata Sydney ilikuwa hivyohivyo, leo beki, kesho anatumwa katikati akarukie mpira na wale warefu, wakamwachia aende Port kwa kubadilishana na chaguo la drafti la raundi ya pili tu. Mwaka mmoja baadaye All-Australian.

Furaha_Bukavu
Bandugu jambo. Miye niko Melbourne, watoto wangu bote banacheza hii mpira. Munasahau Majak Daw. Yule alizaliwa Khartoum, wa kwanza mwenye kuzaliwa Sudan kucheza AFL, 2013 na North Melbourne. Walimuweka mbele miaka mingi juu ya kuruka kwake, anadaka moja ya ajabu halafu anapotea robo nzima. 2018 bakamurudisha nyuma na hapo ndio tuliona muchezaji kabisa, sababu beki anaona mpira ukikuja mbele ya uso wake, fowadi anaufata akiwa amegeuka. Kwa hiyo huyo mutoto wa kocha, kama anaruka sana, musimupeleke mbele juu ya shangwe. Mumuache nyuma.

Kocha_Salisbury
Furaha asante sana, umenisaidia, maana kuna baba mmoja ananisumbua nimpeleke kijana mbele.

Nirudi kwa Aliir, udhaifu wa pili ambao watu hawautaji ni kwamba makocha wa timu pinzani wameshamsoma. Ukitaka kumzima, fowadi wako hahitaji hata kuugusa mpira, kazi yake ni kumvuta Aliir mbali na eneo, anakimbilia pembeni kabisa, Aliir akimfuata katikati kumebaki wazi, asipomfuata anapigiwa yeye pasi fupi. Na mpira ukiingia haraka na chini chini hana cha kudaka. Port walikula kipigo cha pointi 71 kutoka kwa Western Bulldogs hapahapa Adelaide 2021, mechi ya kuingia fainali kuu, mwaka uleule wa All-Australian wake. Mlango ulikuwa katikati ya uwanja, walikuwa wanazidiwa kule, mpira unakuja nyuma bila presha yoyote kwa mpigaji, hapo beki wa kusoma mpira anasoma nini sasa? Mpigaji akiwa huru anauweka anapotaka.

Bakari_Mtwara
Kwa hiyo kumbe beki wa namna hii anategemea viungo wake wambane mpigaji. Nimeelewa sasa. Swali, kwenye kupiga mguu nani bora akishaudaka?

Otis_wa_Dandy
Andrew. Mguu mrefu, anaona mbali, anajiamini hadi wakati mwingine anazidisha, anatafuta pasi ya katikati ikikatwa ni goli la bure. Aliir mimi namwona salama zaidi akitoa fupi pembeni, akijaribu ngumu ndio anakosea. Na usiniambie Suns ni timu ya mchezo, 2025 waliingia hatua ya mtoano mara ya kwanza tangu waanze 2011, wakaenda hadi Perth wakashinda Fremantle kwa pointi moja. Mama Zawadi pole.

Mama_Zawadi_Perth
Mimi ni West Coast wala sikulia 😊

Lakini kocha, kabla hujamwonyesha kijana video yoyote, kuna hili la kichwa. Mabeki wa kudaka wanarudi nyuma macho juu bila kuona nani anakuja. McGovern huyo niliyemsifia amestaafu 2025 kwa sababu ya kugongwa kichwa mara nyingi. Aliir mwenyewe Julai 2023, mechi ya Port na Adelaide, aligongana vichwa na mwenzake Lachie Jones, akarudishwa uwanjani, klabu ikaja kupigwa faini ya dola 100,000, nusu yake ikiwa imesimamishwa, wasilipe wasiporudia kosa. Sheria ya ligi ukipata mtikisiko wa ubongo unakaa nje siku 12 angalau. Huyo wako ana miaka 15. Wazazi wetu wengi hawajui hili, mtoto akisema kichwa kinauma wanampa panadol wanalala.

Kocha_Salisbury
Dada hili nalichukua, naliweka kwenye kikao cha wazazi Jumanne.

Uamuzi wangu mpaka sasa ni Aliir kwanza, Andrew baadaye. Huyu kijana anaruka tayari, kile anachokifanya Andrew mwili wake utampa wenyewe akikua. Asichonacho ni kusoma mpira, anamtazama fowadi tu, na hilo Aliir ndiye mwalimu wake. Nataka nimkatie vipande vya 2021 ambavyo kamera inaonyesha uwanja mzima, aone miguu ya Aliir inaanza kusogea lini, sio ule mdako.

Otis_wa_Dandy
Sawa lakini muonyeshe pia zile alizokosa. Za wote wawili.

Furaha_Bukavu
Na kwenye mazoezi mupange wawili nyuma, mumoja anashika muzito, yeye anasaidia, kisha mubadilishe. Bila hivyo atajifunza kuacha mutu yake na hakuna mwenye kumufunikia.

Kocha_Salisbury
Mzito ninaye, mtoto wa Kitonga, hasogezwi na mtu. Jumanne naanza nao hao wawili.