Mrejesho: uvimbe nyuma ya goti la mama

Wakuu asanteni sana, ni mimi niliyeuliza kuhusu mama, ule uvimbe kama yai nyuma ya goti. Nimemtoa Kondoa nikamleta Dodoma mjini akapigwa ultrasaundi, kumbe ni maji ya goti yamesukumwa nyuma yakatengeneza kifuko, daktari anaita siste ya Baker, na chanzo ni goti lenyewe kusagika. Akinyoosha mguu kinakuwa kigumu, akikunja kinalainika, nimekishika mwenyewe. Sio kansa jamani, nimemshukuru Mungu! Hawajampasua, kapewa dawa za maumivu na mazoezi. Ila tumeambiwa mguu ukivimba ghafla kwenye kigimbi ukauma na kuwa wa moto, tusiuchue kabisa, tukimbilie hospitali siku hiyohiyo, inaweza kuwa damu imeganda.