Mama kaambiwa kuhusu kemo ya moto ya tumboni (HIPEC), kuna mwenye uzoefu?

binti_wa_kwanza:
Habari za jioni wakuu, naombeni mawazo yenu maana tangu juzi silali. Bi mkubwa ana miaka 58, mwanzoni tuliona tumbo linajaa, yeye akasema gesi, sisi tukasema kanenepa tu uzee unamkubali, mpaka siku namfunga khanga ya kwenda msibani ncha hazikutani ndo nikashtuka. Vipimo vikaleta kansa ya ovari steji ya 3, imeshatapakaa kwenye utando wa tumbo. Wakamtoa maji, akaanza kemo ya mshipani, sasa kamaliza ya tatu na tunamshukuru Mungu tumbo limeshuka, anakula, anagombana na majirani kama zamani.

Sasa daktari anasema muda wa oparesheni umefika, ila akagusia kitu kinaitwa HIPEC, wakishatoa uvimbe wanazungusha dawa ya kemo ya moto humo humo tumboni kabla hawajamshona, na kwa hiyo inabidi tutoke nje ya nchi. Hapo hapo kuna wakala mmoja wa kupeleka wagonjwa India nilielekezwa, kila siku ananipigia, anasema hiyo "inachoma kansa yote haibaki hata moja", nitume nusu ya hela leo nisipoteze nafasi. Kaka zangu wanataka kuuza kiwanja cha marehemu mzee. Naogopa vitu viwili, mama kuungua ndani, na kiwanja kiende halafu na yeye... mnanielewa.

mtu_wa_kigogo:
Pole sana dada. Shemeji yangu alifanyiwa hii India 2019. Yake ilianzia kwenye kidole tumbo, tumbo lilijaa ute mzito kama jeli, nimeziona picha kwenye simu ya daktari sikula siku hiyo. Aliingia thieta saa moja asubuhi akatoka usiku, masaa kumi na moja, tumekaa kwenye korido mpaka mlinzi akatuletea chai. Walimtoa bandama, kipande cha utumbo mpana na yale mafuta yanayoning'inia tumboni kama aproni. Wiki mbili za kwanza usiulize, vijiko viwili vya uji anatapika, mwezi mzima hajawa mtu. Leo anaendesha bajaji. Ila usilinganishe, hizo za jeli zina tabia yake, ya mama ni nyingine.

kijana_wa_mlonge:
Kabla ya kupasua jaribuni mlonge na stafeli siku 40.

mtu_wa_kigogo:
Mkuu mtu ana steji ya 3 unamwambia stafeli, tuwe na huruma.

nesi_thieta:
Dada pole, nipo Uingereza nafanya kazi thieta na hizi oparesheni nimesimama nyingi, huku wale wa jeli wanapelekwa Basingstoke na Manchester. Nianze na kuungua. Moto wenyewe ni nyuzi 40 mpaka 43, yale maji ya kuoga ukiingia unasema "uuh" halafu unazoea. Zinaingizwa mirija tumboni, mashine inapasha dawa na kuizungusha, inaingia huku inatokea kule, nusu saa mpaka saa moja na nusu, na muda wote kuna mtu analitikisa tumbo taratibu kwa mikono kama anapepeta mchele ili dawa ifike kila kona. Anayehangaika ni daktari wa usingizi maana mwili wote unapanda joto inabidi aushushe. Kinachotutisha kweli ni figo, dawa inayotumika kwa ovari ni sisplatini na inapiga figo, kwa hiyo uliza watamlinda vipi.

Sasa hapa ndo nataka kaka zako wasome. Ile dawa inapenya milimita chache tu, kinundu kikubwa haikimalizi. Kazi ni ya kisu, dawa inafuata nyuma kufagia yale yasiyoonekana kwa macho. Wenyewe wanagawa tumbo sehemu 13, kila sehemu inapewa 0 mpaka 3 kulingana na ukubwa wa vinundu, jumla ya juu 39, inaitwa PCI, na wakimaliza kutoa wanaandika CC, ukisikia CC-0 ujue hakuna kilichobaki kinachoonekana. Kama daktari anaona hawezi kufika huko, moto hausaidii, mnaweza kuuza na nyumba.

Kuhusu ovari, Waholanzi walitoa utafiti 2018, wanawake 245 wa hali kama ya mama kabisa, steji ya 3 na kemo tatu kabla ya kisu. Waliopata oparesheni peke yake nusu yao walifika kama miezi 34 wakiwa hai, waliozungushiwa dawa ya moto kama miezi 46. Mwaka mmoja wa ziada, na mwaka ni mwingi ukiwa ni wa mama yako, ila hao wengi kansa iliwarudia, kwa hiyo "haibaki hata moja" ni maneno ya mtu anayetafuta kamisheni. Wafaransa nao walijaribu kwa kansa ya utumbo mpana iliyosambaa tumboni, wagonjwa 265, wakatumia dawa nyingine, tofauti ya muda wa kuishi hawakuiona. Ndo maana swali langu la kwanza huwa ni kansa ipi.

Mimi ningemuuliza daktari wenu: oparesheni yenyewe, bila huo moto, inaweza kufanyika hapo hapo nyumbani na mtu aliyeizoea? Maana kemo tatu zikiisha kisu hakitakiwi kungoja miezi mnunuzi wa kiwanja apatikane. Na hela usitume kabla daktari mpasuaji hajaona sitiskani mpya.

binti_wa_kwanza:
Asanteni sana jamani, nesi Mungu akuzidishie. Nimeongea na daktari leo, sitiskani ni Jumatano, na swali la kufanyia hapa nimeuliza, kasema inawezekana, atanijibu akishaiona. Wakala nimemwambia asubiri akanikatia simu. Mama mwenyewe nilikuwa namficha, jana nikaamua kumweleza yote mpaka hayo maji ya nyuzi 42, kaniangalia kasema "si kukandwa tu huko? Nimezaa wanne, mama yangu alikuwa anachemsha yanatoa moshi."