Nimeuziwa Probox mbovu hapa Kisumu kwa sababu ya "mtu wa Kakamega"

Jameni, naandika nikiwa na hasira, kwa hivyo mkiona nimeruka neno mnivumilie. Gari nililolipia shilingi 465,000 Jumamosi ya juzi sasa hivi liko chini ya mwembe kwa fundi, boneti wazi, na kuku wa mke wa fundi wameanza kutaga kwenye buti. Nimeliendesha siku moja. Hata siku nzima haikufika: ni kutoka Kondele hadi katikati ya mlima wa Riat.

Jina la yadi ya magari iliyoniuzia sitaliweka hapa, nitaeleza mbele kwa nini. Lakini walioko mjini wakisoma wataitambua kwa tabia.

Mimi nasambaza mkate. Njia yangu ni Mamboleo, Kiboswa, Majengo, Mbale hadi Chavakali, duka kwa duka, mwaka wa tatu huu. Pikapu niliyokuwa nakodi, mwenyewe aliichukua ghafla Alhamisi akaipeleka Bondo kwa shughuli zake. Jioni hiyohiyo msimamizi wa njia akanipigia: Jumatatu saa kumi alfajiri uwe getini na gari lako, ukikosa, njia anapewa mwingine. Hakuwa mkali. Ni mtu mzuri tu, ila naye ana wakubwa zake. Na kabla hamjaanza, asiniandikie mtu hapa kwamba haraka haraka haina baraka. Najua. Nimeimbiwa hivyo tangu chekechea. Mkate wa Jumatatu hauuziki Alhamisi.

Basi Ijumaa saa tatu asubuhi nikawa yadi. Kijana mchangamfu, shati limepigwa pasi, akanipa kiti cha plastiki na soda baridi. "Karibu mkubwa, unatafuta gari gani tukusaidie?" Na hapo ndipo nilipojichoma mwenyewe. Nikamwambia natafuta la kubebea mkate, la bei ya chini, na nalitaka kabla ya Jumatatu. Nikamtajia njia ninayopita. Nikamwambia hata mkopo wa sacco umeshaingia. Mwanamume mzima na ndevu zangu, nikajianika kama omena pale Dunga, na hajanionyesha hata tairi.

Akaniletea Probox nyeupe. Imeoshwa, tairi zimepakwa mafuta zinang'aa, harufu ya limau ndani. Dashibodi inasema kilomita 87,000. "Hii gari ni safi kama pini, mwenyewe alikuwa mwalimu, shule na kanisa tu." Nikaweka mkono juu ya boneti, nikakuta ina joto. Niliuliza, msidhani sikuuliza. Akacheka: "Mkubwa, hilo ni jua la Kisumu." Saa tatu asubuhi! Gari limeegeshwa chini ya mabati! Na mimi nikacheka naye.

Likawaka mara moja, bila hata kukohoa. Tukazunguka nalo hadi mzunguko wa Kachok na kurudi, barabara ya tambarare, benga imefunguliwa redioni hadi milango inatetema. Nilipopunguza sauti ili nisikie injini, akaipandisha tena akaniambia hebu sikia hizi spika.

Nikasema sawa, gari nimelipenda, kesho naleta fundi wangu aliangalie. Sura ikabadilika kidogo. "Kesho sikuahidi, omera. Kuna mtu wa Kakamega anakuja na pesa saa nane leo. Mimi nakupendelea wewe kwa vile nimeona una shida ya ukweli." Simu yake ikalia papo hapo. Akasogea kando hatua tatu, si nne, tatu, ili nimsikie vizuri: "Ndiyo mzee, bado ipo, wewe njoo tu." Leo naapa, kama ile simu ilikuwa na mtu upande wa pili, basi ni mwenzake aliyekuwa amesimama nyuma ya kontena.

Nikatuma 20,000 za kulishikilia gari.

Jumamosi nikamaliza. M-Pesa hairuhusu zaidi ya 250,000 kwa mara moja, kwa hivyo nikatuma mara mbili, 250,000 halafu 195,000, kwa namba yake binafsi kwa sababu "till inasumbua leo", yaani namba ya malipo ya yadi. Logibuku, ile hati ya umiliki wa gari, nilionyeshwa picha kwenye simu. Ya kweli eti iko Nairobi kwa mwenyewe, uhamisho utafanyika Jumanne. Karatasi ya mauzo nikaisaini juu ya boneti (ilikuwa na joto tena), na kwa chini kuna mstari wa herufi ndogo kwamba gari limeuzwa kama lilivyo na hapo lilipo. Nikasaini. Simlaumu mtu kwa mkono wangu.

Jumapili nikawapakia mke wangu na watoto wawili twende Kiboswa kwa mama mkwe, tumwonyeshe gari. Hakuna mzigo, ni unga kilo kumi na sukari. Tukapita Mamboleo vizuri, watoto wanaimba. Tulipoanza kupanda Riat gari likaanza kuishiwa nguvu, nikarudisha gia ya pili. Kabla ya kona ya juu taa nyekundu ya joto ikawaka, halafu nyuma ukatoka moshi mweupe kama tunachoma majani mabichi. Nikaegesha. Vijana wa boda wakaja na mtungi wa maji, na mmoja hakuangalia hata ndani ya boneti. "Hiyo ni gasketi, baba. Nimeiona ikipanda nikajua." Mtu wa pikipiki, kutoka ng'ambo ya barabara, kwa macho tu! Mimi nilizunguka nalo Kachok nikaona spika.

Mama mkwe amelisikia gari kwa simu tu mpaka leo.

Fundi wangu alilivuta Jumatatu. Huyu ni mzee, amefungua injini tangu enzi za Peugeot 504, na haongei sana. Alifungua kifuniko cha oili akanigeuzia nione: ndani kumeganda kitu cheupe kama chai ya maziwa iliyolala. Akaniambia maji na oili vinakutana mahali ambapo havifai kukutana. Akajaza maji kwenye rejeta, akaniambia niwashe, mapovu yakawa yanapanda juu kama sufuria ya ugali. Ni pumzi ya silinda inayopenya kwenye njia ya maji kwa sababu gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya injini na kichwa chake, imekufa. Akafungua mahali pa thamostati, hakuna kitu! Wameing'oa. Hapo ndipo aliponieleza ujanja wenyewe, na naomba muuelewe kwa sababu mimi nilikuwa siujui. Thamostati ndiyo inayozuia maji mpaka injini ipate joto lake. Ukiing'oa, maji yanazunguka muda wote, na kwenye barabara ya tambarare bila mzigo gari bovu halionyeshi joto. Utazunguka Kachok hadi uchoke. Ubaya wake linautoa mlimani tu, na sisi tunaofanya kazi upande wa Vihiga hatuna barabara nyingine ila mlima. Na yule kijana alijua, kwa sababu nilimtajia njia yangu mimi mwenyewe!

Na ule moto wa boneti asubuhi? Injini yenye shida hii ikiwashwa baridi hutoa moshi, hutetema, huchukua muda kutulia. Kwa hivyo wanaamka mapema kukushinda, wanaliwasha, linapita hali hiyo, wewe unafika linanguruma kama paka. Ukitaka kununua gari fika bila kusema unakuja, na boneti ikiwa na joto rudi nyumbani unywe chai.

Zile kilomita 87,000 nazo. Kwenye ukingo wa mlango wa dereva kulikuwa na stika ya kubadilisha oili iliyokwanguliwa kwa kucha, haikutoka yote. Mzee akaimulika na tochi: 214 na sufuri zake. Pedali ya breki imelika hadi chuma kinaonekana. Kiti cha dereva kimezama upande mmoja. Vyote hivyo vilikuwa mbele ya macho yangu Ijumaa, nimevikalia na kuvikanyaga.

Hesabu ya fundi ni 68,000: hedi kuchongwa kama haijapinda sana, gasketi, rejeta, thamostati, oili. Ikiwa imepinda, tutafute injini nyingine kabisa, na hapo alinyamaza akaangalia kuku.

Naona watu wawili wameshauliza kama nilifanya sachi ya NTSA, yaani kuangalia kwa mamlaka ya usafiri gari limeandikwa kwa jina la nani. Hapana. Ni 550 tu kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, unaweka namba ya gari, jibu linakuja. Niliifanya Jumatatu usiku, yaani siku mbili baada ya kulipa, na kilichokuja ndicho kilichoninyima usingizi kuliko gasketi. Majina ni mawili. Kuna jina la mwanamke nisiyemjua, na jina la kampuni ya mikopo. Maana yake hilo gari lina deni, na mwenye deni akikosa kulipa madalali wanaweza kulibeba hata likiwa chini ya mwembe na mayai ndani. Uhamisho nao huanzishwa na mwenye jina kwenye akaunti yake ya eCitizen, mnunuzi anaukubali kwenye yake. Kijana wa yadi hana jina popote kwenye hilo gari. Hiyo Jumanne aliyoniahidi ingetoka wapi?

Nilimpigia. Mara ya kwanza: "Gari lilitoka hapa zima, wewe umelipakia nini?" Mara ya pili: "Boss, ulisaini." Mara ya tatu nikaenda mwenyewe na boda. Hakuna kiti cha plastiki siku hiyo, wala soda. Wakanipa pendekezo, na naomba mkae chini kabla hamjalisoma: nilirudishe gari, wao watanitafutia mteja, na likiuzwa wananipa 300,000 wakikata kamisheni. Yaani wamuuzie mwingine kitu kilekile, na mimi niwe mshirika wao! Niliona giza. Askari wa getini ndiye aliyenishika mkono akanitoa polepole, akaniambia kwa Kijaluo kwamba mimi si wa kwanza mwezi huu.

Sasa kwa nini jina silitaji. Shemeji yangu ana rafiki wakili, akaniambia nisichafue kesi yangu kwa mdomo. Kwa maneno yake, ule mstari wa "kama lilivyo" utanisumbua upande wa injini, na watasema nililikagua mwenyewe. Lakini hauwasaidii kwa mambo mawili. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inamtaka anayeuza kitu awe na haki ya kukiuza, na kiwe hakina deni la mtu ambalo mnunuzi hakuambiwa. La pili ni kilomita: Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 inakataza kumdanganya mnunuzi kuhusu ubora wa kitu na jinsi kilivyotumika. Kuna Mahakama ya Madai Madogo, inachukua madai hadi shilingi milioni moja, unaweza kusimama mwenyewe bila wakili, na sheria inataka uamuzi utoke ndani ya siku 60. Pesa yangu iko chini ya hapo. Ameniambia nikusanye ujumbe wa M-Pesa, picha ya stika, matokeo ya sachi, karatasi ya mauzo, na maelezo ya fundi yaliyoandikwa na kusainiwa. Mzee wangu wa mwembeni amekubali kuandika, ila ameomba nimwandikie yeye asaini, kwa sababu mwandiko wake, kwa maneno yake mwenyewe, ni wa spana.

Njia ya mkate sijaipoteza bado. Nakodi Probox ya jirani kwa 3,500 kwa siku, na siku nyingi faida yangu haifiki hapo. Mke wangu hajanilaumu hata neno moja, jambo ambalo ni baya zaidi. Huwa anauliza tu, "Baba, leo umepita Riat?"

Jana nilimwomba binamu yangu wa Luanda apige ile namba, ajifanye anatafuta gari. Hakuniuliza kwa nini, akaweka simu kwa spika tukae tusikilize. Sauti ileile, tamu, imepigwa pasi kama shati. Iko Wish moja, safi kama pini, mwenyewe alikuwa nesi. Binamu akasema vizuri, nitakuja wiki ijayo na fundi.

"Wiki ijayo sikuahidi, omera. Kuna mtu wa Kakamega anakuja na pesa saa nane."