Tupeane uzoefu: wiki ya fidla ya kiangazi, mtoto na mzazi wake

Mwanzisha mada
Wakuu, msimu wa wiki za Suzuki, yaani wiki za kiangazi za kufundisha watoto muziki kwa njia ya Mwalimu Shinichi Suzuki, umekaribia. Ya kwanza Marekani ilifunguliwa na Margery Aber mwaka 1971, Stevens Point, Wisconsin, kwa mfano wa shule ya kiangazi ya Mwalimu Suzuki mwenyewe kule Matsumoto, Japani. Mzazi hamwachi mtoto mlangoni. Anaingia darasani, anakaa, anaandika, kwa sababu nyumbani yeye ndiye mwalimu. Wanaoujua mchezo huu mwageni maarifa ya vitendo. Hadithi zetu binafsi tuziweke kando.

Mama Nyuzi
Saizi kwanza. Mtoto aweke fidla begani, anyooshe mkono wa kushoto, vidole vizunguke kichwa cha fidla huku kiwiko kikiwa kimekunjwa kidogo. Mkono ukinyooka kabisa, fidla ni kubwa. Tafadhali msinunue kubwa "ili akue nayo": kidole cha nne (kile kidogo, kwani gumba halihesabiwi) hakifiki, kifundo cha mkono kinapinda, na kurekebisha mpindo huo ni kazi ya miezi.

Darasani, watoto watatu au wanne hugawana saa moja. Usiandike yote. Andika jambo moja ambalo mwalimu amelirudia, pamoja na maneno yake hasa, kwani mtoto atayatambua jioni mkifanya mazoezi. Na zamu ya mwenzake ikifika msitoke, maana nusu ya somo imo katika kutazama.

Fundi wa Mbao
Naongezea upande wa chombo, ndiko wiki nyingi zinakoharibikia.

Msiache fidla ndani ya gari juani. Gundi yake hulainika kwa joto, viungo vikaachia. Ukumbi wenye kiyoyozi nao una hewa kavu: vigingi, vile vya kichwani vya kukazia nyuzi, vinasinyaa na kuteleza, asubuhi nyuzi zote zimelegea. Zungusha kigingi huku ukikisukuma kwa ndani. Ukizungusha tu, kitarudi. Nyuzi nne, kuanzia mnene hadi mwembamba, ni G, D, A, E. Anza na uzi wa A, mitetemo 440 kwa sekunde, kisha D, G, E. Fidla ya mtoto iwe na skrubu ndogo za kurekebishia sauti kwenye nyuzi zote nne, maana E ikivutwa kwa kigingi hukatika upesi. Beba E mbili za akiba.

Kubadilisha nyuzi: mmoja mmoja! Ukizifungua zote kwa pamoja, daraja, kile kibao kinachoinua nyuzi, linaanguka, na kile kijiti kinachosimama ndani nacho huanguka. Kukirudisha ni kazi ya fundi mwenye zana zake.

Uta: kaza mpaka penseli ipite kati ya mti na nywele, basi. Ukimaliza kupiga, legeza. Nywele zisiguswe kwa vidole, mafuta ya ngozi huzifanya ziteleze hata upake rosini (utomvu mkavu wa kuzipa mshiko) kiasi gani.

Baba wa Selo
Wa selo, ile fidla kubwa inayopigwa umekaa, tusisahauliwe. Mwiba wa chini, ile fimbo ya chuma inayoisimamisha sakafuni, huteleza kwenye sakafu laini, mtoto akaanza kuifukuza selo badala ya kupiga. Funga mkanda kwenye miguu ya mbele ya kiti, mwiba uchomekwe kwenye tundu la mkanda. Kiti kiwe cha kufanya magoti yawe chini kidogo ya nyonga.

Mgeni wa Jukwaa
Shikamooni. Alama za vidole kwenye shingo ya fidla naziweka wapi?

Fundi wa Mbao
Marahaba. Pima uzi kutoka kizingiti cha juu (kile kibao kidogo chenye mifereji, karibu na vigingi) hadi daraja. Kidole cha kwanza ni 1/9 ya urefu huo, cha pili 1/5, cha tatu 1/4. Uzi wa sentimita 27: alama kwenye 3, 5.4 na 6.75, zote zikipimwa kutoka kizingitini. Kisha sikiliza. Kidole cha tatu kwenye uzi wa A kitoe D, sauti ileile ya uzi wa D ulio wazi, ila juu kwa oktava moja. Ikipishana, sogeza alama. Sikio ndilo hakimu.

Mgeni wa Jukwaa
Na mdogo wake wa miaka 3, hana fidla?

Mama Nyuzi
Boksi la kadibodi na rula iliyobandikwa kama shingo. Mchoree nyayo zake kwenye karatasi, asimame juu yake, ainame kusalimia. Dakika 3, mara kadhaa kwa siku. Fidla halisi ianze kwako, ujifunze wimbo wa kwanza mbele yake mpaka aombe mwenyewe.