Mjadala: Je, mwonekano wa mshtakiwa kizimbani humwongezea adhabu?

Hoja ninayoiweka mezani ni kwamba katika mahakama zetu za chini, na hapa nazungumzia zaidi Tanzania, sura na mavazi ya mshtakiwa huwa na uzito wakati wa dhamana na wakati wa kupanga adhabu, na uzito huo hauonekani kwenye jalada kwa sababu hakuna anayelazimika kuuandika. Najua jibu linalotolewa haraka: kwamba haya ni matatizo ya Marekani, ambako jopo la raia wasiosomea sheria ndilo linaloamua kama mtu ana hatia, na kwamba hakimu aliyefundishwa kupima ushahidi hayumbishwi na sura ya mtu. Jibu hilo ndilo linalosikika zaidi, nami naliona ndilo dhaifu kuliko yote.

Utafiti wa Chris Downs na Phillip Lyons uliochapishwa mwaka 1991 ulifanyika Texas, na uliwahusu mahakimu wenyewe. Washtakiwa zaidi ya 2,000 walikadiriwa mvuto wa sura zao, kisha makadirio hayo yakalinganishwa na kiasi cha dhamana na faini kilichopangwa. Katika makosa madogo, waliokadiriwa kuwa na mvuto mdogo walipangiwa kiasi kikubwa zaidi. Katika makosa makubwa, uhusiano huo haukuonekana. Watu hunukuu nusu ya kwanza ya matokeo hayo na kuisahau ya pili, ilhali ya pili ndiyo yenye fundisho kwetu. Kabla ya hapo, mwaka 1980, John Stewart alikuwa amefuatilia kesi za jinai Pennsylvania na kukuta kwamba mvuto wa mshtakiwa ulihusiana na ukali wa adhabu, lakini haukuhusiana na kutiwa hatiani. Kwa maneno mengine, macho ya hakimu hupata nafasi pale ambapo sheria imemwachia uwanja mpana na muda ni mfupi. Uwanja huo ndio wa mahakama zetu za mwanzo na za wilaya kila siku ya kazi: wizi mdogo, shambulio, uzururaji, lugha ya matusi.

Uzuri nao si kinga ya kudumu. Harold Sigall na Nancy Ostrove walionyesha mwaka 1975, kwa kesi za kubuni, kwamba mwanamke mwenye mvuto alihurumiwa aliposhtakiwa kwa wizi wa kuvunja nyumba, lakini hakuhurumiwa aliposhtakiwa kwa utapeli, yaani kosa ambalo sura yake ingeweza kumsaidia kulitenda. Wakenya watakumbuka kesi ya mwanamke aliyetawazwa Miss Lang'ata akiwa gerezani, akahukumiwa kifo mwaka 2018 kwa kumuua mpenzi wake, miezi michache tu baada ya Mahakama ya Juu kuamua kwamba adhabu ya kifo kwa mauaji si ya lazima tena. Nusu ya mabishano mitandaoni ilihusu urembo wake. Sidai kwamba taji lilimponza. Jaji alitoa sababu zake kwa maandishi, na kwa kuwa aliziandika, ziliweza kupingwa katika rufaa.

Sasa turudi kwetu. Tazama washtakiwa wawili wa kosa moja. Wa kwanza alipata dhamana: alikuwa na wadhamini wawili wenye vitambulisho na barua za serikali ya mtaa. Anatoka nyumbani asubuhi, ameoga, amenyoa, na shati limepigwa pasi. Wa pili hakuwa na mtu wa kumdhamini. Anashushwa kwenye karandinga akiwa na nguo alizokamatwa nazo, ndevu zimeota, kandambili miguuni, na amefungwa pingu pamoja na mwenzake. Hakimu anayewatazama haoni tofauti ya hatia. Anaona tofauti ya dhamana, ambayo kwa kweli ni tofauti ya kipato na jamaa, lakini imevaa sura ya tabia njema na tabia mbaya. Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema kuvaa vizuri ni heshima tu kwa mahakama. Kama ni heshima tu, kwa nini mawakili wetu huwasisitizia wateja wao shati jeupe na nywele fupi siku ya hukumu?

Linganisha na Marekani, ambako Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua mwaka 1976, katika shauri la Estelle dhidi ya Williams, kwamba mshtakiwa hawezi kulazimishwa kusimama mbele ya jopo akiwa na sare za gereza. Sisi mahabusu wetu hawavai sare, kwa hiyo tunajiona tumevuka salama.

Jambo la pili ni mwenendo wa mtu anapotoa ushahidi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa hakimu nafasi ya kuandika maoni yake kuhusu jinsi shahidi alivyojiweka kizimbani. Mtoto aliyelelewa kuinamisha macho mbele ya mkubwa ataonekana anaficha jambo. Kijana wa mjini anayemtazama hakimu usoni ataonekana hana majuto. Mahakama ya Rufani, katika shauri la Shabani Daudi dhidi ya Jamhuri, ilieleza kwamba kuaminika kwa shahidi kunaweza pia kupimwa kwa mtiririko wa maelezo yake na kwa kuyalinganisha na ushahidi wa wengine, akiwamo mshtakiwa. Vipimo hivyo viwili vinaweza kukaguliwa na mtu asiyemwona shahidi, na kwa maoni yangu vingepaswa kutangulia macho.

Wapo watakaosema dawa ni adhabu za kudumu, kama miaka isiyopungua 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Siungi mkono. Adhabu hiyo humpofusha hakimu hata kwa yale anayopaswa kuyaona, na upendeleo huhamia kwa anayeamua hati ya mashtaka iandikwe kosa gani. Wala sikubali kwamba mshtakiwa asionekane kabisa, kwa sababu uso uliovimba baada ya mahojiano ya polisi ni lazima hakimu auone.

Ninachopendekeza ni kidogo: mahabusu apewe maji, wembe na nguo safi kabla ya kufikishwa mbele ya hakimu, na hakimu anayemnyima mtu kifungo cha nje aandike sababu, hata kama ni mistari mitatu tu. Mwenye kupinga naomba ajibu hili: pale mwendesha mashtaka anapoomba adhabu kali ili iwe fundisho, naye mshtakiwa anaposema ana familia inayomtegemea, hakimu aliyewasikia wote wawili wakisema maneno yale yale ya kila siku anatumia nini kuamua, kama si macho?