Mrejesho: nilimpeleka mjomba lanchi ile grosari ya Mwanga

Wakuu, wiki iliyopita niliuliza mjomba anakuja Kigoma na treni kutoka Tabora, mtu asiyetaka hata harufu ya pombe, je nimpeleke lanchi grosari ya mtaani kwetu Mwanga maana wanapika balaa ila ndo hivyo wanauza bia. Asanteni mlionijibu, hata yule aliyeniita bahili.

Nilifuata ule ushauri wa kwenda mapema, tukafika saa sita kasoro mziki haujafunguliwa, tukakaa nje chini ya mwembe. Na aliyesema niweke oda ya migebuka, wale samaki wa Ziwa Tanganyika, jana yake Mungu akubariki, mgebuka wa kuchoma, sombe (kisamvu) ya mawese na ugali wa muhogo, mjomba alikula kimya mpaka akaongeza ugali, na huyu ni mtu ambaye ukimsifia chochote cha Kigoma anakutajia asali ya Tabora.

Kilichofeli ni bili. Mlisema nilipe kabla, nikasahau, nimeenda kunawa narudi mzee keshalipa na chenji kamwachia dada wa jikoni, aibu yangu. Halafu saa saba sabufa ikaanza, nikawa najiumauma kuelezea, mjomba akacheka akaonyesha makreti ya bia ukutani, "mwanangu niliyaona tangu tunaingia, njaa ndo ilinifunga mdomo."

Jumapili anaondoka, kashaniuliza kama migebuka mikavu inafika Tabora bila kunukisha behewa zima.